Kichwa cha Ndama Kwenye Ngazi za Hekalu

Aliyekuja na petroli mlangoni niliposimama alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Sizushi.

Naitwa Kishori. Nauza bangili kwenye kamji kamoja huku Uttar Pradesh, India.

Daraja la mfereji lilianguka watoto wakitoka shule. Lilikuwa jipya, lakini saruji yake ukiisugua kwa kidole inamwagika kama unga.

Mwanangu Bunty alikufa pale. Shazia, binti wa jirani yangu Shakila, naye pale pale.

Sisi Wahindu tulichoma wetu, Waislamu wakazika wao. Kilio kilikuwa kimoja.

Mtaa mzima tukakubaliana: Jumanne tunaandamana hadi kwa mheshimiwa mbunge, atuambie hela za daraja zilikwenda wapi.

Jumanne kulipokucha, kichwa cha ndama, mnyama mtakatifu kwetu Wahindu, kikakutwa kwenye ngazi za hekalu. Damu bado mbichi.

Nani akumbuke daraja tena?

"Waislamu wametuchinjia ng'ombe hekaluni!"

Mabango ya maandamano yakang'olewa karatasi, zikabaki fimbo.

Nilikimbia kwa Shakila. Nikamkuta anahangaika na komeo.

"Mama Bunty, rudi kwako! Watakuua na wewe."

"Waanze na mimi basi."

Nikasimama mlangoni. Kundi likaja, mbele yao kaka yangu Girish na galoni mkononi.

"Dada, toka hapo."

"Sitoki."

"Unawatetea wala ng'ombe?" mtu akazomea kutoka nyuma. "Huna haya!"

"Namtetea mama Shazia! Mumewe ndiye aliyepiga mbizi akautoa mwili wa Bunty majini. Wewe ulikuwa wapi siku hiyo, mdomo mrefu?"

Wakaanza kusukumana.

Girish akanisogelea, jasho linamtiririka. Akaninong'oneza sikioni.

"Kishori, nakuomba. Ni leo tu, kesho yameisha. Mheshimiwa kaniahidi zabuni ya daraja jipya. Kile kichwa nilikiweka mimi."



Alidhani damu ya undugu itanifunga mdomo. Na kweli, nilimwona tena yule kaka aliyekuwa akinibeba mgongoni utotoni.

Halafu nikapaza sauti mpaka koo likauma.

"Ni yeye! Kichwa kakiweka Girish! Mheshimiwa kamwahidi zabuni ya daraja!"

"Mwongo!" wakapiga kelele.

Kuhani wa hekalu akapenya katikati yao.

"Girish, mwanangu, apa kwa majivu ya mama yako kwamba dada yako anaongopa."

 

Girish akaweka galoni chini, akakaa kando yake kama mtoto aliyechoka kulia.

Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakikwepa macho yangu.

Maandamano tuliyafanya, wachache tu, mimi na Shakila mbele. Geti la mheshimiwa halikufunguliwa. Uchaguzi ulipofika akashinda tena, kwa kura za mitaa mingine aliyoitia hofu kwa mambo ya dini.

Girish alifungwa, akatoka. Siku ya Rakhi, ambapo dada humfunga kaka yake uzi wa upendo, alikuja akaninyooshea mkono.

Nilimpa maji ya kunywa. Uzi sikumfunga.

Ndugu yangu unayesoma, mwanasiasa akikukumbusha dini yako ghafla, usimkimbilie jirani na fimbo. Jiulize kwanza: jana yake, ulikuwa unataka kumuuliza nini?