Nilijaza Viti Vyangu Kwenye Chumba cha Kuokolea Watu

Viti vilikuwa vyangu. Naomba nianze hapo, kabla sijatafuta maneno ya kujisafisha, maana kwa maneno hayo nimekuwa bingwa muda mrefu.

Jina siandiki. Mimi ni mwanamke wa Bukoba, nimezaliwa Hamugembe, kwenye familia ya Kiislamu inayojulikana pale mtaani. Nilisoma, nikaajiriwa serikalini, nikapelekwa kufanya kazi za utawala kwenye ubalozi wetu katika nchi moja ambayo nayo siitaji. Mama alijivuna mpaka majirani wakachoka!

Pale ubalozini nilimkuta afisa usalama, mwanaume wa Muleba. Nitamwita Kaka Muta, ingawa sivyo anavyoitwa. Ugenini ukimpata mtu wa kwenu ni kama umempata ndugu wa tumbo moja. Mke wake na watoto walibaki nyumbani, kwa hiyo mwisho wa wiki alikuja kwetu, kwangu na mume wangu, kula ndizi. Tulizisema vibaya zile ndizi za huko, hazina ladha, huku tunamaliza sahani.

Kaka Muta ndiye alikuwa na dhamana ya chumba cha usalama. Kwa asiyejua, ni chumba cha ndani kabisa, hakina dirisha, kuta nene, mlango wa chuma unaofunguka kwa nje na kufungwa kwa makomeo kutoka ndani. Kina maji, dawa na simu ya setilaiti. Mkivamiwa mnakimbilia humo, mnajifungia, mnasubiri msaada. Kinatakiwa kikae kitupu siku zote.

Mimi nikakiona stoo!

Nilikuwa na kabiashara kangu pembeni. Watanzania wa kule wakiwa na harusi au kipaimara, nawakodisha viti vya plastiki, masufuria makubwa na meza za kukunja. Nyumbani kwangu nafasi haikuwepo. Nikamwendea Kaka Muta.

"Kaka, naomba niweke vitu vyangu mle, wiki hii tu."

"Dada, mle hapawekwi kitu."

"Waitu, kaka yangu! Nani atakuja kutuvamia sisi? Tumemkosea nani?"

Akakataa. Nikanuna. Wikiendi ile sikumpikia, na ofisini nikamsalimia kwa Kiswahili kikavu kama mtu nisiyemjua. Siku chache baadaye akanipa ufunguo wa akiba. "Wiki hii tu," akasema. "Na uviweke mbali na mlango."

Wiki ikawa miezi. Viti vikaongezeka. Sehemu ya ndani ikajaa, nikaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine pembeni mwa mlango, mpaka vinakaribia dari. Kaka Muta alikuwa akinikumbusha, mimi naapa. "Wallahi kesho naviondoa." Nililitumia jina la Mungu kwa ajili ya viti vya plastiki!

Siku yenyewe ilikuwa mchana, watu wanakula. Wananchi wa nchi ile walikuwa wakiandamana mjini kwa hasira zao na serikali yao. Sijui nani alianzisha uvumi kwamba wageni ndio chanzo. Tukasikia kelele, halafu vioo vya mapokezi vikapasuka, halafu sauti ya Kaka Muta: "Juu! Wote chumbani! Sasa hivi!"

Tulikimbia. Alikuwepo balozi, katibu wake, wahasibu, na mama mmoja Mtanzania aliyefuata pasipoti akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Tukajisukuma kuingia gizani, na katika kusukumana mtu akagonga ile milundo ya viti.

Vikaanguka. Vikaangukia mlangoni, nusu ndani, nusu kwenye korido, vikabanana na fremu. Balozi anavuta mlango, haufungi. Anavuta tena, haufungi!

"Ni nini hivi?" alipiga kelele. "Nani ameweka viti humu?"

Nilinyamaza. Watu wanapanda ngazi wakiwa na nondo, na mimi nimenyamaza.

Vilikuwa vimebana kwa upande wa nje. Kaka Muta, ambaye tayari alikuwa ndani, tayari amepona, akaturuka akatoka. Akawa anavichomoa na kuvitupa kwenye ngazi, kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango kuliko wote. Alipochomoa cha mwisho alinitazama.

Nilidhani ataingia. Lakini wavamizi walikuwa wamekwishafika. Akaubamiza mlango kwa nje, akasema, "Funga, dada."

Nikafunga. Mikono hii hii. Nikashusha makomeo yote, moja baada ya jingine.

Mlango ule ulizuia vyuma, ila haukuzuia sauti. Mtoto wa yule mama alilia, nikamchukua nikambembeleza ili nisisikie ya nje. Nilisikia.

Polisi walipowatawanya wale watu na sisi tukafungua, Kaka Muta alikuwa amelala kwenye ngazi katikati ya viti vyangu. Alipona. Ila jicho la kushoto lilikwenda, na mguu mmoja mpaka leo anauburuta.

Ningesema siku ile, labda leo nisingekuwa naandika haya. Ikaja timu ya wachunguzi kutoka nyumbani. Wakaniuliza viti vilikuwa vya nani.

"Vya ubalozi," nikasema. "Vya sherehe za kitaifa."

"Nani alikuwa na ufunguo?"

"Afisa usalama."

Yeye alihojiwa akiwa kitandani, jicho limefungwa. Akasema kosa ni lake, alizembea. Basi! Hakunitaja. Nilikwenda kumtazama hospitali mara moja tu, nikamketisha mume wangu katikati yetu makusudi, ili yasizungumzwe. Yeye aliachishwa kazi. Mimi nilipongezwa mbele ya watu kwa kutuliza wenzangu na kumtunza mtoto wa yule mama. Nilipigiwa makofi, na nikatabasamu!

Tangu hapo siwezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa. Hata bafuni naacha wazi. Mume wangu alivumilia akidhani ni woga wa lile tukio, akinihurumia, na kila akinihurumia nilimchukia. Mwishowe tukawa tunaishi kama wapangaji wawili. Nilimwambia ukweli mwaka jana. Alichouliza ni kimoja: "Yule mtu aliyekuwa akila mezani kwetu?"

Nilipokuja likizo Bukoba nikapanda gari mpaka Muleba. Kaka Muta siku hizi yuko mwaloni, anapokea samaki wanaotoka kisiwa cha Bumbire na kuwatafutia wanunuzi. Kwake nilimkuta mkewe anaanika kahawa.

"Wifi, shikamoo," nikasema, ingawa tunalingana.

Alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye mwenye viti."

Alikuwa anajua! Miaka yote alikuwa anajua.

"Naomba unisamehe, wifi."

"Usiniite wifi. Hapa kijijini wanasema mume wangu alikuwa amelewa kazini. Binti yangu ameambiwa hivyo shuleni, na baba yake amenikataza kujibu. Mimi nitakusamehe kitu gani?"

Kaka Muta akafika, anauburuta mguu. Akanikaribisha sebuleni kwa Kihaya kama zamani, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nililia mpaka nikashindwa kuitafuna. Nikaanza kueleza. Akaniinulia mkono.

"Mimi usiniambie, nilikuwepo. Ufunguo nilikupa mwenyewe, hilo ni langu. Nenda kawaambie ambao hawakuwepo."

Nilikwenda. Nilikaa mbele ya wakubwa wangu nikasema yote, pamoja na jibu la sherehe za kitaifa. Nimesimamishwa kazi. Wamesema suala lake watalitazama upya. Sijui kama watalitazama. Nilirudi tena Muleba, nikasema mbele ya majirani zake uani, kwamba mtu yule hakuwa amelewa, na viti vilikuwa vya nani. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaingia ndani. Hajanisamehe, na simlaumu.

Nyie mnaofanya kazi ugenini, hata nyie wa ofisi za hapa nyumbani zenye milango ya dharura, nawasihi! Leo mchana nendeni mkakifungue hicho chumba. Ingieni wote, vuteni mlango, mwone kama unafunga. Mkikuta mzigo wa mtu, mwambieni autoe saa hiyo hiyo, awe bosi, awe mtu wa kwenu anayewapikia ndizi. Atanuna.

Mwacheni anune.