Wajukuu Kumi na Mmoja wa Nekesa

Wasifu wa marehemu ulifika Jeddah siku ya Alhamisi kwa njia ya simu, kurasa nne za rangi, pembeni zimezungushiwa maua ya waridi ambayo Nekesa hakuwahi kuyapanda wala kupewa. Velma aliusoma akiwa ameketi kitandani katika chumba walichokaa pamoja huko Al-Mahjar. Kitanda cha pili kilikuwa kimeshatandikwa shuka la mtu mwingine. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba marehemu alikuwa nguzo ya kwaya ya akina mama, kwamba alipenda sana kufuga kuku wa mayai, na kwamba ameacha wajukuu kumi na mmoja.

Nekesa alikufa akiwa na miaka thelathini na sita. Mtoto wake mmoja tu, Lorine, ana miaka kumi na minne.

Velma hakuhitaji kuelezwa kilichotokea. Kule kwao Bungoma kila saiba, duka la intaneti na uchapaji, ina wasifu wa marehemu wa zamani kwenye kompyuta. Ukifiwa, mhudumu anafungua wa mtu aliyekwisha kuzikwa, anafuta jina lake na kuweka la mtu wako, kisha wewe mwenye msiba unasoma na kurekebisha yaliyobaki. Mwenye msiba hapa alikuwa Jackton, mume wa marehemu, na Jackton tangu azaliwe hajasoma kitu hadi mwisho. Alibadilisha picha, akahakikisha jina lake limeandikwa kwa herufi nzito, akaenda zake. Basi bibi kizee fulani aliyelala kaburini miaka sita alimwazima Nekesa kwaya, kuku na wajukuu.

Huyo Jackton alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja na bado akijiita kiongozi wa vijana. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria mikutano. Palipokuwa na turubai na viti vya plastiki hukukosa kumwona mbele, ameshika kipaza sauti, anasalimia watu kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma. Debe tupu haliachi kuvuma. Nekesa aliolewa naye akiwa na miaka ishirini, akamlimia, akampikia, akamfulia hayo mashati ya mikutanoni, na jioni akamsikiliza akisimulia alivyopigiwa makofi.

Lorine alipofika miaka tisa, Nekesa aliona kwamba kwa mume huyu mtoto hatasoma, akaenda Riyadh. Aliingia kwenye nyumba moja huko Al-Sulimaniyah, nyuma ya maduka, kwa madam ambaye jina lake lilimshinda Nekesa ulimi, akaamua kumwita Mariam. Madam alikuwa na vyumba tisa na watoto watano wasiojua kuokota soksi. Simu ya Nekesa ilikaa kwenye droo ya madam, akipewa nusu saa kila Ijumaa. Nusu saa hiyo alimpigia Jackton amwombe mtoto. Mtoto alikuwa ameenda kuteka maji, au amelala, au yuko kwa jirani. Miaka miwili yote Lorine alikuwa akiteka maji.

Mkataba ulipokwisha, ikama yake, kibali cha kuishi, ikahamishiwa kwa kampuni ya usafi Jeddah, na hapo ndipo akakutana na Velma. Waliosha ngazi za shule moja ya kulipia, Velma akianzia juu, Nekesa akianzia chini. Mwezi wa kwanza tu simu ya Nekesa ikaanguka kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki. Ilipokauka ikakubali kila kitu isipokuwa sauti. Simu mpya ingengoja karo ya Lorine, akasema, na akaanza kuazima ya Velma kila Ijumaa. Hakupiga tena. Alirekodi ujumbe wa sauti na kuutuma kwenye namba ya Jackton, amchezee mtoto.

Velma alimdharau kwa hilo, na hakuficha. Yeye mwenyewe alikuwa amemfukuza mume wake kwa mwiko wa ugali.

"Unaongea na ukuta," alimwambia. "Angalia hapa. Hizi tiki zimekuwa samawati, maana yake amefungua. Lakini hii alama ya maiki iko grey. Hajasikiliza hata moja."

"Labda anamchezea kwa ile simu ingine," Nekesa alisema.

"Simu ipi ingine?"

"Jackton si mtu mbaya, Velma. Ni vile ako na mambo mingi."

Velma alicheka hadi mwenye chumba cha pili akagonga ukuta. Basi kila Ijumaa Nekesa aligeukia dirisha, akanong'oneza kwa dakika tatu nne, akarudisha simu na kusema asante kama aliyeazimwa chumvi. Velma hakuwahi kusikiliza alichosema. Aliona ni ujinga wa mke.

Mwaka wa tatu, Nekesa alianza kulalamika kichwa. Msimamizi alimwambia mafi mushkila, hakuna shida, anywe maji. Alikunywa maji. Jumanne moja asubuhi akaanguka kwenye ngazi ya pili kutoka chini, na hospitalini wakasema ni presha, imepasua mshipa kichwani. Alikata roho adhuhuri, bado amevaa kitambulisho cha kampuni.

Ndipo Jackton akafufuka. Mtu ambaye miaka minne na zaidi hakupata dakika ya kumwitia mtoto simu sasa alipiga mara tano kwa siku. Alitaka picha za jeneza kabla halijapakiwa kwenye ndege. Alitaka kujua kama Wakenya wa Jeddah watasalimia mazishi kwa simu moja kwa moja, maana wageni wakubwa watakuwepo. Ile Alhamisi ya wasifu alimpigia Velma.

"Wewe ndiye utasoma ile sehemu ya maisha yake huko Saudia," alisema. "Nimeshakuandikia. Usiongeze kitu. Na useme vizuri, kwa sababu huyu mtoto ananiaibisha. Amekataa kabisa kutupa udongo kwa kaburi. Anasema mama alimsahau."

"Wewe ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Mama yake alikuwa busy."

Velma akaenda ukurasa wa nne. Paliandikwa: *Kutokana na shughuli nyingi za kazi, marehemu hakupata nafasi ya kuzungumza na mwanawe, lakini baba alisimama imara.* Alisoma mara mbili. Ile dharau aliyokuwa akimpa Nekesa kila Ijumaa ikamrudia mwenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo, na mtoto angemzika mama yake akiamini hivyo. Velma hakuwa na namba nyingine ya kumfikia.

Jumamosi walikusanyika watu kumi na wawili katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya wali huko Sharafiya. Ambrose, mlinzi wa ghala aliyejiteua mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuja na koti la suti katika joto lile, akitiririka jasho la madaraka. Aliegemeza simu yake kwenye chupa ya maji mezani. Kwenye kioo palionekana turubai, jeneza, na Jackton amevaa miwani myeusi. Alisoma ukurasa wake kwa sauti ya mkutano. Alipofika kwenye wajukuu kumi na mmoja hakusita. Aliwasoma wote, na waombolezaji wakatazamana.

"Velma, soma vile imeandikwa," Ambrose alinong'ona. "Mimi ndio nimeahidi."

"Nitakachosoma ni changu," Velma alisema, akainama karibu na simu ile. "Mimi ni Velma. Nililala chumba kimoja na Nekesa. Alizungumza na mtoto wake kila Ijumaa, na kila neno liliingia kwa simu ya Jackton. Lorine, sikiliza."

Akatoa simu yake mwenyewe, akafungua ujumbe wa kwanza uliokuja chini ya kidole, akaweka sauti hadi mwisho.

"Lorine, ni mama," Nekesa alisema, na spika za mazishi zikaibeba sauti yake hadi barabarani. "Leo joto imetuchoma hapa. Sikia, kwa kukhu, chini ya kitanda, kuna sanduku ya bati. Nilikushonea rinda ya samawati kabla nikuje. Upindo nimeuacha mrefu sana, usicheke. Nilijua utarefuka na mimi siko. Ukiingia grade six, mwambie kukhu akufungulie upindo. Na usilale bila kula."

Ambrose alinyoosha mkono akate simu. Velma aliuweka kando kama anavyosukuma ndoo.

Kule Bungoma Jackton alivua miwani, akasema kuna shida ya mtandao. Kikongwe mmoja kwenye safu ya mbele, kukhu mwenyewe, mama yake Nekesa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hilo sanduku ninalo." Kisha msichana mrefu wa sare ya shule akapita mbele ya baba yake na kuchukua kipaza sauti mkononi mwake. Pengine ilikuwa mara ya kwanza mtu kufanikiwa kumnyang'anya.

"Auntie," alisema. "Ziko zingine?"

"Ziko mia moja na kumi na nne."

Lorine alimtazama baba yake kwa muda, jinsi mtu anavyotazama doa, kisha akamgeuzia mgongo na kutaja namba ya simu ya kukhu, polepole, tarakimu moja moja. Akarudisha kipaza sauti kwa mhubiri, si kwa Jackton. Akaenda kaburini, akainama, akashika udongo kwa mikono miwili.

Usiku ule Velma alizituma zote kwa mpangilio wa Ijumaa zake. Kesho yake akiwa ngazini na deki mkononi, alitazama simu, na zile maiki zilikuwa zikigeuka samawati, moja baada ya nyingine. Kufikia jioni zilikuwa arobaini na tisa. Lorine hakuwa ameruka hata moja.