Kibao cha "Mimi Iko"

Niliiba kitenge cha mama yangu. Hilo niliseme kwanza kabla sijajitafutia mawakili.

Kilikuwa chini kabisa ya sanduku lake, kimekunjwa vizuri, cha manjano, kina ndege wa bluu waliokwisha kufifia. Nilikiona kitambaa kizee kisicho na kazi. Mama anafanya biashara mpakani, vitenge anavyo tele, kimoja kikipotea nani atajua? Siku ya mwisho ya likizo nikakisokomeza katikati ya sare zangu, nikaondoka Bwera kurudi shuleni Kasese nikipiga mluzi.

Nilikitaka kwa ajili ya klabu. Shuleni kwetu kila mwanafunzi lazima awe na klabu. Klabu ya sayansi ilitengeneza sabuni iliyokataa kutoa povu hata ilipobembelezwa. Klabu ya wanyamapori, pamoja na kwamba mbuga iko hapo karibu, ilikuwa imemwona mnyama mmoja tu, nyani, na huyo nyani ndiye aliyewaendea wao kuwaibia chapati. Mimi nilichagua Klabu ya Kiswahili kwa sababu nilitafuta mahali pa kusinzia. Kiswahili? Mtoto wa Bwera afundishwe Kiswahili? Si nilikinyonya!

Kumbe nilinyonya kingine. Mama anauza mawese na maharagwe, na nusu ya wateja wake wanavuka kutoka Kongo. Kiswahili chake ni cha huko: mutu, mutoto, na kila kitu duniani kwake iko. Mvua iko. Padri iko. Mungu naye iko.

Siku yangu ya kwanza mwalimu wetu, mtu aliyesomea Tanzania na asiyeruhusu yeyote alisahau jambo hilo, aliuliza kiranja yuko wapi.

"Iko inje, mwalimu!" nikajibu kwa sauti, nikingoja kupongezwa.

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu akafungua kabati, akatoa kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa rangi nyekundu MIMI IKO, akanivika shingoni.

"Meza iko," akasema. "Nyumba iko. Mtu yuko. Wewe ni meza?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya klabu: unavaa kibao mpaka umnase mwenzako akikosea, umvike yeye. Nilikivaa karibu muhula mzima. Nilikivaa kwenye foleni ya posho, ugali wetu wa shule, nikakivaa mpirani, wasichana wakiniita Meza. Nikaapa. Nikameza ngeli kama dawa ya minyoo, na mwaka wa tatu nikawa mwenyekiti wa klabu na mtunzi wa vichekesho vyake. Likizo nilianza kumsahihisha mama.

"Mama, si 'mutoto iko'. Ni 'mtoto yuko'."

"Haya, mwalimu. Mutoto yuko," alisema akicheka. "Na jerikani iko tupu. Wewe yuko na miguu, kwenda ku maji."

Likizo hiyohiyo ndipo aliponisimulia habari ya kambini. Baba yangu alikuwa askari, mtu wa upande mwingine kabisa wa Uganda. Alihamishwa nikiwa mdogo, nisiyekumbuka hata sura yake, na baada ya hapo hakusikika tena. Mama akaenda kambini kumuulizia. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua maharagwe, naye alikuwa akicheka.

"Nikafika ku geti, nikasema, 'Afande, bwana yangu ilipotea.' Ikaniuliza, 'Mama, unatafuta bwana ao unatafuta redio?' Basoda bote bakacheka." Basoda kwake ni askari.

Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mikononi, maharagwe yakatawanyika sakafuni. Mama akainama kuyaokota moja moja. Hakucheka tena. Mimi sikuuliza kitu, kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na klabu itakayofanya vizuri zaidi ingekwenda kuiwakilisha shule Fort Portal. Nilitaka safari hiyo kuliko nilivyotaka kufaulu mtihani. Kichekesho changu nikakiita "Mama Iko". Afande aliigizwa na rafiki yangu, mtoto wa kambini kwelikweli, anayeweza kukuomba chumvi ukajikuta umesimama wima. Mama Iko nilikuwa mimi. Sikuwa na wasiwasi wowote, maana mama alikwisha sema hatakuja. Jumapili hiyo kanisani kwao kulikuwa na sherehe ya mavuno.

Nikajifunga kile kitenge, nikajaza sweta mbili nyuma, nikaingia jukwaani nikitikisika. Watu wakaanza kupiga meza kabla sijafungua kinywa.

"We mama! Simama hapo! Shida gani?" afande alifoka.

"Afande, bwana yangu ilipotea!"

Ukumbi ukapasuka. Wazazi wa Kasese mjini, wazazi wa Hima, wake za askari waliokaa safu ya mbele, wote walifuta machozi. Afande akauliza kuhusu redio. Kisha likaja jambo ambalo halikuwamo katika hadithi ya mama, nililolitunga mwenyewe na kujivunia kuliko yote: afande akachomoa kibao cha klabu nyuma ya mgongo wake, akanivika shingoni, akanigeuza ili kila mtu asome. MIMI IKO.

Nilipogeuzwa ndipo nikamwona mama.

Alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake ya kanisani, ameshika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Bado alikuwa na kile kitabasamu cha mzazi anayemwona mwanawe jukwaani, kimebaki usoni kwa kusahauliwa. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anakitazama kitenge.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kujifanya nimesahau maneno, wenzangu husahau kila siku. Lakini watu walikuwa wanacheka, na mimi nikichekewa ni kama mbuzi aliyeona chumvi. Nikamaliza.

"Afande, kama bwana haiko, nipatie hata redio!"

Walisimama kunipigia makofi.

Mwalimu akapanda jukwaani anang'aa. "Mzazi wa kijana huyu yuko?"

Rafiki yangu, kwa wema kabisa, akaonyesha mlangoni. Mama akaja mbele na bakuli lake, watu wakimpisha.

"Karibu, mama! Tusalimie kwa Kiswahili, utuambie umeonaje."

Huyu ni mwanamke ambaye mpakani hugombana na madereva wa malori, na maofisa wa forodha, na makuli, wote kwa pamoja, na hushinda. Alifungua kinywa. Akakitazama kibao kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni mwangu. Akafunga kinywa. Halafu akasalimia kwa Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, sentensi moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mwalimu, asiyejua Lhukonzo, akapiga makofi.

Tulishinda. Wenzangu walikwenda Fort Portal, mimi nikasema naumwa tumbo. Kibao nilikichoma jikoni chini ya sufuria ya posho, nikapewa adhabu ya kufyeka wiki nzima. Nilifyeka na sikumtania mtu. Na mama siku hizi akinipigia simu ananisemesha Lhukonzo tu. Nikimjibu kwa Kiswahili, tena kile chake, na iko zote ninazozijua, anangoja nimalize, kisha anaendelea kwa Lhukonzo.

Maneno yake ya mwisho ya Kiswahili kwangu aliyasema siku ileile, nyuma ya madarasa, nikiwa bado nimejifunga kitenge. Alikuwa amefungua bakuli, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akaniambia kwa mkono nile. Nikasema, "Mama, ilikuwa mchezo tu." Alinyoosha mkono, akakunjua upindo wa kitenge uliokuwa umejikunja kiunoni mwangu, akaulainisha kwa kiganja. Ndipo akasema haya, nami sitayasahihisha hata herufi moja:

"Ulifanya muzuri. Lakini ulisahau kitu moja. Siku ile nilikwenda ku kambi, wewe ulikuwa ku mugongo yangu, nilikufunga na kitenge hii. Basoda bote bakacheka. Wewe haukucheka. Ulilia."