Hakuna Misa Jumamosi Kuu

Kwa miaka kumi na tisa simu ya ofisi ya parokia ilipokelewa na mwanamke mmoja, na kila Kwaresima ilimletea maswali yale yale. Mchuzi wa nyama ukiondoa nyama yenyewe, bado ni nyama? Mjamzito anafunga? Jumapili za Kwaresima zimo katika zile siku arobaini, au mtu anaweza kunywa soda yake kwa amani? Mzee mmoja aliyetengeneza saa karibu na posta, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Saa, alipiga kila mwaka kuuliza kama kuku ni nyama. Kila mwaka aliambiwa kuku ni nyama. "Sawa," alikuwa akijibu, "nilitaka tu kujua kama wamebadilisha."

Mwanamke huyo watu walimwita Katibu, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa na miaka arobaini na saba, hakuwa na mume wala mtoto, na aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Kila swali alilijibu kwa sentensi moja. Hakuwa mkali. Mlangoni palikuwa na foleni, na yeye aliamini kwamba jibu fupi ni sehemu ya adabu.

Sentensi mojawapo ilikuwa hii: "Kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka hakuna Misa ya mazishi, mtazika kwa ibada bila Misa." Watu hawachagui siku ya kufa, kwa hiyo sentensi hiyo alikuwa ameisema mara nyingi. Mara moja tu ndiyo ilimbaki kichwani. Miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi ya Jumamosi Kuu, aliingia mama mmoja, fundi cherehani wa barabara ya sokoni, futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Mtoto wake wa kike wa miaka sita alikuwa amekufa kwa homa siku moja kabla. Katibu alimpa pole, akamwambia sentensi yake. Mshonaji alisema, "Sawa." Akatoka. Baada ya dakika mbili akarudi kuchukua mwavuli aliousahau, akasema tena, "Sawa," kana kwamba ameulizwa mara ya pili.

Mama yake Katibu naye alikuwa na jina la utani. Kwa miaka arobaini hakukosa Misa ya asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, hivyo akaitwa Mama Saa Kumi na Mbili. Mzee wa Saa alipenda kusema kwamba saa zake zote amezirekebisha kwa kumtazama yule mama akikata kona. Mwaka huo wa kumi na tisa wa Katibu ofisini, mapafu yalimshinda mama. Alikufa hospitalini Jumatano ya Juma Kuu, kukipambazuka, wakati binti yake anakunja taulo. Katibu alimaliza kulikunja, akaliweka juu ya kabati dogo la kitanda, ndipo akamwita muuguzi.

Kisha akaenda kazini.

Paroko alimkuta mbele ya mashine ya kutoa nakala. Alikuwa padri mpya, mwenye miezi saba tu parokiani, mpole mpaka watu wakamwonea huruma.

"Katibu, ratiba si nilisema tutaichapa mchana?"

"Saa ya Njia ya Msalaba ilikosewa, Padri. Nimesahihisha."

"Na mama anaendeleaje?"

"Amefariki." Alikuwa anahesabu karatasi, akaogopa kupoteza hesabu. "Hizi ni mia mbili. Nyingine zinakuja."

Padri akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Katibu akatazama taa ya kijani ikififia. Alihisi kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno: anajua ana mdomo, anaugusa, lakini mdomo ni kama wa mtu mwingine.

Alhamisi mchana kaka yake mkubwa aliwasili kutoka mgodini alikofanya kazi, pamoja na mke wake. Kaka alikuwa na siku tatu za ruhusa. Jumapili alitakiwa awe njiani kurudi. Chumba cha maiti nacho kilikuwa hakitoi mwili Ijumaa Kuu, Jumapili wala Jumatatu, kwa sababu ya sikukuu. Ikabaki Jumamosi.

"Misa saa ngapi?" kaka akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, miguu yake mirefu ikijaza chumba.

"Hakuna Misa. Kutakuwa na ibada saa nne."

"Hakuna Misa ya nani?"

"Jumamosi Kuu hakuna Misa ya mtu yeyote, kaka. Mpaka Mkesha wa Pasaka, usiku."

Wifi yake akacheka kwa pua. "Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mtu amekaa na mihuri ya kanisa miaka ishirini, mama yake anazikwa kama aliyeokotwa!"

"Kumi na tisa," Katibu akasema.

"Nini?"

"Miaka. Ni kumi na tisa."

"Dada," kaka akasema, sauti imeshuka, "yule mama amesikiliza Misa ngapi maishani? Piga hesabu, wewe si mtu wa hesabu. Halafu siku yake moja anakosa moja?"

Katibu alipiga hesabu kweli, kichwani, akafika zaidi ya elfu kumi na nne. Namba hiyo haikumfanya chochote. Akainuka kwenda kuchemsha maji.

Kaka hakuchemsha maji. Kaka alikwenda kwa paroko. Saa tisa Katibu akaitwa sakristia, chumba cha mavazi ya padri. Paroko alikuwa anapanga taulo kumi na mbili kwa ajili ya kuosha miguu jioni ile, na alipoongea hakuziacha.

"Nimesema na kaka yako. Mtu mzima, na analia kama mtoto." Akanyoosha taulo ambalo halikuwa na mkunjo. "Sikiliza. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Milango imefungwa, kengele hazipigwi, ninyi wa nyumbani watatu tu. Nitawasomea Misa. Ni saa yake ile. Nani atajua?"

Katibu alisimama karibu na kabati la mavazi. Alijua alipaswa kutaka. Alijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa mfukoni, akakuta mwavuli wa mshonaji.

"Hapana, Padri."

"Kwa sababu ya sheria? Dhambi iwe yangu."

"Niliwaambia wengine hapana."

"Wengine ni wengine, Katibu."

"Ndiyo," akasema. "Taulo la kumi na mbili lina doa. Nitakuletea lingine."

Kaka aliposikia hakupiga kelele. Alimtazama dada yake muda mrefu, akasema, "Roho yako umeiweka kwenye faili gani?" na tangu hapo hakusema naye tena.

Jumamosi jeneza lilisimama mbele ya altare isiyo na kitambaa hata kimoja, kama kila Jumamosi Kuu. Mlango wa tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi, ulikuwa wazi, ndani hamna kitu, na taa nyekundu iliyowaka mwaka mzima ilikuwa imezimwa. Vyombo vya maji ya baraka mlangoni vilikuwa vikavu. Watu waliingiza vidole kwa mazoea, wakavitoa, wakavitazama. "Kama nyumba ya mtu aliyehama," wifi akanong'ona, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu Katibu alikubaliana naye. Somo likasomwa, sala zikasaliwa, dakika arobaini zikaisha. Mzee wa Saa alikuja na saa mkono wa kulia na mkono wa kushoto, akatoka wa mwisho. Makaburini udongo ulikuwa mkavu na ulipiga mbao kwa sauti kubwa kuliko Katibu alivyotarajia. Aliwaza kwamba sauti hiyo anapaswa kuikumbuka. Akaikumbuka, kama mtu anavyoandika namba ya simu.

Mchana watu walijaa sebuleni na uani. Katibu alikuwa jikoni anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, mshonaji alipoingia na chupa ya chai. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi, lakini futi bado ilikuwa shingoni. Labda alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja.

"Pole, Katibu. Mama amepumzika."

"Asante. Karibu ukae."

Kabla hajakaa, sauti ya wifi ikaingia kutoka sebuleni, kubwa makusudi. "Nawaambieni, alipewa Misa mkononi, akaikataa! Padri mwenyewe anambembeleza! Binti wa kumzaa!"

Mshonaji akavuta kigoda. "Ni kweli hayo?"

"Kweli."

"Kwa nini, mama wee?"

Katibu akafuta kikombe. "Wewe ulikuja siku kama hii. Nikakwambia hapana."

Mshonaji akamtazama, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Mimi? Ukakosa Misa ya mama yako kwa ajili yangu? Dada yangu, mimi ningeichukua! Angenipa padri siku ile, ningeichukua na viatu mkononi, nikimbie nayo. Na wewe ungekuja kuniuliza, na wengine je, ningekwambia sikujui."

Katibu aliweka kikombe kwenye rafu, akachukua kingine. Jambo pekee alilodhani amelifanya sawasawa juma lile lilikuwa limeondolewa, na mahali pake hapakuuma.

"Haidhuru," akasema. "Misa yake itasomwa Jumanne asubuhi. Nimeshaiandika kwenye kitabu cha nia za Misa."

"Misa ipi tena?"

"Ya kumwombea. Marehemu akizikwa siku hizi bila Misa, anasomewa baadaye, siku yoyote inayoruhusu."

Mshonaji aliacha kufungua chupa ya chai. "Akiwa ameshazikwa?"

"Ndiyo."

"Hata kama ni zamani?"

"Hata zamani."

Sebuleni mtu alikohoa, mwingine akaomba sukari. Mshonaji alikuwa ameshika ncha mbili za futi yake na anazivuta, moja chini, nyingine chini, kama mtu anayekaza kamba ya ndoo.

"Hukuniambia," akasema.

Katibu akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba kila mtu anajua. Akakumbuka kwamba watu wanampigia simu kuuliza kama kuku ni nyama.

"Miaka kumi na moja," mshonaji akasema. "Mimi nilijua akizikwa bila Misa, basi, imepita. Mkesha wa Pasaka kengele zikianza kulia, mimi hutoka nje. Watu wanadhani nasikia joto. Nakaa pale kwenye ngazi, nasema, haya, wote wamevuka, wangu amebaki upande ule." Hakuwa analia. Alieleza kama anavyoeleza mtu mahali nguo inapobana. "Usilolijua ni kama usiku wa giza, Katibu. Na taa ulikuwa nayo wewe."

"Ndiyo," Katibu akasema. "Nilikuwa nayo."

Akakausha mikono. Akachukua funguo za ofisi kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka kwa mlango wa jikoni, na mshonaji akamfuata bila kuuliza. Walipita uani katikati ya viti. Kaka aliinua macho, akayashusha.

Ofisi ilikuwa na joto la siku tatu za kufungwa. Katibu alifungua kitabu cha nia za Misa kwenye Jumanne ya Pasaka. Jina la mama yake lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, ulionyooka. Alilipiga mstari mmoja kwa rula, akaliandika upya chini, kwenye Jumatano.

"Jina la mwanao?" akauliza.

Mshonaji alilisema. Lilikuwa jina fupi, na Katibu aligundua kwamba miaka kumi na moja iliyopita hakuwa ameliuliza. Aliliandika, akageuza kitabu ili mama wa mtoto aone kama ameliandika sawasawa. Mshonaji aliweka kidole juu ya wino ambao haujakauka, akakiondoa, akakitazama.

"Umelipaka," Katibu akasema.

"Acha lilivyo."

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, walikuwa watu tisa kanisani. Mavazi ya padri yalikuwa meupe, mshumaa mpya wa Pasaka ulisimama kando ya altare, na vyombo vya mlangoni vilikuwa na maji. Katibu aliketi mahali alipokuwa anaketi mama yake, benchi la tatu, upande wa ukuta, ambapo mbao zilikuwa zimelika kwa kukaliwa. Padri akalisoma jina la mtoto. Mshonaji, benchi moja mbele, hakutoka nje. Mabega yake yalitikisika kidogo, yakatulia. Katibu alingoja kama kuna kitu kitakuja kwake pia. Hakikuja. Aliona tu kwamba kutoka pale mama alikuwa hamwoni padri vizuri, nguzo ilikuwa inamkinga, na kwa miaka arobaini hakuwahi kulalamika wala kuhama.

Saa mbili akafungua ofisi. Saa mbili na dakika tano simu ikalia.

"Katibu? Pole tena na msiba, mama yangu. Eti, Ijumaa hii tunakula nyama au hatuli? Maana bado ni Pasaka."

"Mnakula, Mzee. Oktava ya Pasaka, siku nane hizi, hakuna mfungo, hata Ijumaa."

"Na kuku?"

"Na kuku."

"Haya. Nilitaka tu kujua."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuishusha simu, kama ulivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Akairudisha sikioni.

"Mzee, una swali lingine?"

Upande wa pili zilisikika saa zake tu, nyingi, kila moja ikienda na wakati wake.

"Lingine?" akasema. "Hujawahi kuniuliza hivyo."

"Nakuuliza sasa."

Saa zikaendelea. Mzee akasafisha koo.

"Basi lipo," akasema. "Ni la siku nyingi. Linamhusu marehemu mke wangu."

Nje foleni ilikuwa imeshafika watu wanne. Katibu akavuta kiti, akakaa.