Roho ya Kifuani, Roho ya Kanisani

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kasese, sikuruhusiwa kushika hata bomba la sindano. Muuguzi Mkuu, mama mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, alinionyesha benchi la wagonjwa akasema, "Biira, kaa hapo. Leo kazi yako ni masikio tu." Nilinuna. Nilikuwa nimesomea uuguzi wa afya ya akili, viatu vyeupe vinang'aa, halafu naketishwa kama mgonjwa! Lakini nilikaa, na hadi jioni nilikuwa nimejifunza kwamba ugonjwa mmoja huingia mlangoni kwa majina mengi.

Nilipohamishiwa Kyarumba, wakulima walioteremka na kahawa kichwani waliniambia, "Mwili umeniacha njiani." Katwe, kwa wavuna chumvi, jina lilikuwa "presha", hata pale kipimo cha presha kiliposema yote ni sawa. Wengine walikuwa na ugonjwa wa moyo kweli, ndiyo maana tulipima kwanza. Wengi walikuwa na kile tunachokiita shambulio la hofu. Mwili unapiga kelele ya hatari wakati hatari haipo, kama mbwa anayembwekea mwenye nyumba. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, na mtu anaamini kabisa kwamba anakufa. Hafi. Baada ya dakika chache hofu inashuka yenyewe, lakini anabaki akiogopa itarudi lini, na anaanza kukwepa kila mahali ilipomkamatia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, chini ya mkuu wa kituo aliyewahi kuwa tabibu wa jeshi. Sote tulimwita Afande. Alikuwa mtu wa haki na mwenye roho safi, ila Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride.

Ndipo akaja Kavira, mama wa Butembo, Kongo, aliyekimbia vita akapanga chumba Mpondwe, penye daraja la mpakani. Aliuza mawese, aliyoyanunua ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo, na huko huko ndiko alikoishi mama yake mzazi, mgonjwa wa miguu. Siku moja ya soko, katikati ya malori na wapagazi, kitu kilimkamata juu ya daraja. Tangu hapo hakuweza kulivuka. Biashara ilisimama, na mama yake akawa anauguzwa na majirani.

"Una shida gani?" Afande alimuuliza.

"Roho inanipiga, Afande. Nikifika ku daraja, roho inanipiga mpaka naona niko nakufa."

Afande aliweka kalamu chini. "Wewe mama, kama roho iko napiga wewe, hii hapana dawa. Enda kwa padri. Mwingine!"

Kavira akaenda. Padri akamwombea, maji ya baraka yakanyunyizwa, na majirani wa kikundi cha maombi wakaongeza kufunga. Alirudi kwetu amekonda, na hasira zimemjaa.

"Bale batu banasema niko na shetani! Mie niko Mukatoliki tangu tumbo ya mama. Siko na shetani. Niko na mama kule ng'ambo, na siwezi kumufikia!" Akalia, akijipiga kifuani kwa kiganja.

Afande aliutazama mkono ule. Akanigeukia. "Biira, uliza yeye kwa lugha yenu. Hiyo roho iko wapi?"

Mkonzo wa huku kama mimi na Mnande wa Kongo kama Kavira tunasikilizana bila mkalimani, ila mbele ya serikali kila mtu huvaa Kiswahili. Nikamuuliza kwa Lhukonzo. Akajibu neno moja: "Omutima!"

Moyo! Katika Kiswahili cha kwao Kongo, roho ndiyo hiyo inayodunda kifuani. Kumbe mama wa watu alikuwa amekuja kulalamikia mapigo ya moyo, tukampeleka kufukuziwa pepo. Afande alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasimama wima kabisa akasema, "Mama, pole. Sasa tunaanza kazi."

Alimpima presha na damu, akampeleka hospitali kwa mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Moyo ulikuwa mzima. Baada ya hapo Kavira akawa mgonjwa wangu. Nilimweleza hofu ile ni nini, na kwamba haijawahi kumuua. Nilimfundisha kutoa pumzi polepole, kama anayepoza uji wa mtoto. Tukazungumza pia kuhusu vita, kwa kipimo alichotaka yeye. Halafu tukaanza kulisogelea daraja: kwanza maegesho ya malori, siku nyingine mlango wa forodha, hadi mguu wa daraja. Sharti lilikuwa moja: hofu ikija, usikimbie. Isubiri ishuke ukiwa umesimama.

Siku ya kuvuka, Afande alikuja mwenyewe. Kavira alipokanyaga daraja, ikaja. Alitetemeka, jasho likamtoka, wapagazi wakaanza kufoka, "Mama, toka njia!"

"Pita kando!" Afande aliunguruma. "Hamuoni mama iko kazini?"

Wakapita kando. Kavira alitoa pumzi, akatoa tena. Niliona mabega yake yakishuka. Sisi tulipaswa kuishia hapo, mpakani. Yeye akaendelea peke yake, mpaka ng'ambo, bila kugeuka. Nililia hadharani, na sioni haya kusema hivyo.

Tangu siku hiyo, kituoni kwetu kila aliyetaja roho aliulizwa na Afande, mkono ukiwa kifuani: "Roho ya hapa, au roho ya kanisani?" Na padri naye, baada ya kuombea mtu, akawa anamwambia apitie kwetu. Tulipokea wengi sana kwa njia hiyo.

Nimestaafu mwaka huu. Ninyi mnaosoma, kama moyo unawakimbia na pumzi inakata, msijifungie ndani. Nendeni mkapimwe, na moyo ukionekana mzima, msirudi nyumbani kimya. Ombeni kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Hofu hii ina tiba. Nimeiona ikishindwa mara nyingi, na kila mara nilifurahi upya.

Siku ya kuniaga, keki ikiwa bado haijakatwa, simu yangu iliita. Ilikuwa Kavira.

"Sista Biira, niko katikati ya daraja, niko naleta mama akusalimie. Roho inanipiga!"

Niliruka kutoka kitini. "Simama hapo hapo! Toa pumzi! Nakuja!"

"Kaa chini, Sista," alisema, akicheka. "Leo ni furaha ndiyo inaipigisha."