Mchanga Ulipokauka

Fundi redio anayeitwa Kengele hana rafiki ufukweni, wala hamtafuti. Jina alipewa kwa mlio wa mashine yake ya kutambua vyuma, aliyoiunda mwenyewe kwa mabaki, na ambayo huipitisha juu ya mchanga kama mtu anayefagia bila kugusa chini. Wauza maji humwita mwizi wa vilivyopotea. Huwajibu kwamba kilichopotea hakina mwizi, kina mzembe.

Mashine hiyo ndiyo inayomlisha tangu watu walipoacha kutengeneza redio. Manispaa humpa kibali chenye masharti: achimbe kwa mwiko tu, afukie kila shimo, kitu cha kale akipeleke makumbusho. Gumu zaidi ni la mchanga. Uliolowa kwa maji ya bahari ni halali; mkavu, hasa ule wa chini ya ukuta wa magofu, ni marufuku, hata kuupitishia mashine tu. Mwaka huu alishaonywa mara moja. Kosa la pili, mashine inachukuliwa.

Aliyemwonya ni mlinzi wa ufukwe, kaka wa mke aliyemkimbia.

Nesi mmoja alipomfuata kibandani kusema pete yake ya ndoa imedondoka karibu na ukuta, Kengele hakuinua kichwa.

"Huko sichimbi."

"Nakuomba, baba."

"Mimi si baba yako. Subiri bamvua."

Ndiyo mbinu yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji hupanda mpaka ukutani, na yakishuka, mchanga wa marufuku huwa halali kwa muda, hadi jua liukaushe.

Siku ya bamvua maji yalishuka jua likiwa limeshapamba moto. Kengele alikuwa ameanza kupitisha mashine, nesi nyuma yake, mlinzi alipowasili bila haraka.

"Kibali."

"Unakijua."

"Kibali, shemeji."

"Dada yako alishaniacha."

"Ushemeji hauna talaka."

Alikipokea, akaanza kusoma masharti kwa sauti, moja baada ya jingine, kama anayemfundisha mtoto. Upepo ulipopeperusha karatasi, alirudi mwanzo. Mchanga ulikuwa unageuka kutoka kahawia kuwa mweupe.

"Soma kwa macho," Kengele alisema.

"Macho yangu husoma kwa mdomo."

Alipokirudisha, ilibaki kanda nyembamba ya mchanga mbichi chini ya ukuta. Kengele aliipitishia mashine mara moja, nayo ikalia. Kabla hajapiga magoti, mlinzi alishafika, akaparuza kwa kiatu.

"Pamekauka."

"Ilipolia palikuwa pabichi."

"Sasa je?"

Kengele aliuweka mwiko chini, akachora duara kwa kisigino, akamgeukia nesi.

"Chimba wewe, kwa mikono. Kibali kinanibana mimi, hakikubani wewe."

Nesi alichimba mpaka kiwiko kikazama. Pete ilitoka imejaa mchanga. Akaifuta kwenye nguo na kuivaa papo hapo, akicheka na kulia. Mlinzi alimwacha acheke. Alichotaka yeye ni mashine, na aliondoka nayo begani.

Wiki iliyofuata waliitwa manispaa. Ofisa alitaka jambo moja tu: mashine ilipolia, mchanga ulikuwaje?

"Mkavu," alisema mlinzi.

"Mbichi," alisema Kengele. "Muulize huyu, alikuwepo."

Nesi alikuwa akizungusha pete kidoleni.

"Ilipolia nilifumba macho, nikaomba," alisema. "Sikuuona."

"Ulichimba kwa mikono," Kengele alisema. "Mikono nayo ilifumba macho?"

"Chini kulikuwa na maji."

"Chini kuna maji siku zote," alisema mlinzi.

Ofisa alimuuliza nesi tena, taratibu, kama anayetamani aseme mbichi. Nesi alisema hawezi kuapia asichokiona. Hapo shauri likaisha. Mashine ilifungiwa stoo, ufunguo ukabaki kwa mlinzi, na kibali kikafutwa.

Nesi alimkimbilia Kengele kwenye ngazi. Alisema anamshukuru kwa pete na anamwomba radhi kwa yale mengine, kwamba yeye hajui kusema uongo.

"Sikukuomba uongo. Nilikuomba ufumbue macho."

"Fundi, nifanye nini?"

"Vua pete ukienda kuogelea," alisema Kengele, akashuka. "Ukiipoteza tena, mtafute shemeji yangu. Mashine anayo yeye."