Redio Aliyoiagiza Marehemu

Jumatano, mwezi wa tano. Rasharasha tangu alfajiri. Adhuhuri jua likatoka, nguo zikarudi kambani.

Mwanangu unayesoma, leo imenijia siku moja ya ukigori wangu, hapa hapa Mji wa Kale, nyumbani kwa nyanya yangu. Sijui kama kisa hiki kinastahili kuandikwa, maana shule niliiacha mapema, lakini binti yangu Nasra kasema niandike.

Tulikuwa juu ghorofani, mtu akapiga hodi chini. Nikauliza, "Nani?" Akajibu nje ya mlango, "Mimi. Nimetumwa na bwana wa nyumba nichukue redio ikatengenezwe. Upesi, fundi anafunga!"

Kusikia upesi, akili ikaniruka. Nikaikumbatia redio, nikaanza kuteremka nayo ngazi. Nyanya yeye hakuteremka. Alikwenda dirishani, akachungulia chini.

"Nani kakutuma?"

"Mumeo, mama."

"Mume wangu yuko makaburini mwaka wa tatu huu. Hiyo redio ataiweka wapi?"

Yule mtu akafikiri kidogo. "Poleni na msiba, mama," akasema, akaenda zake. Sitamsingizia: mwizi alikuwa, lakini adabu alikuwa nayo.

Nyanya akanigeukia, nami bado nimeikumbatia redio. "Anayekuharakisha, mwache huko huko mlangoni. Wewe nenda dirishani kwanza."

Sasa leo. Nasra hushona magauni ya harusi. Asubuhi alikuwa akitafuta mitindo ya shela kwenye simu, mara ukajitokeza ukurasa: akaunti yake inafungwa sasa hivi, aandike neno la siri kuiokoa. Humo ndimo walimo wateja wake wote, na vipimo vya bibi harusi wa Ijumaa. Vikipotea, yule mtoto wa watu ataolewa na dera.

"Mama, usinisemeshe, wanafunga!"

"Kina nani?"

"Wenyewe wenye akaunti!"

"Wamesema ni wao. Umewachungulia dirishani?"

Alinitazama kana kwamba nimeshikwa na homa. Nikamsimulia ya redio. Akacheka mpaka simu ikamponyoka, kisha akaufunga ukurasa ule, akaingia kwenye akaunti kwa njia yake ya kila siku. Vipimo vyote vipo, onyo hakuna. Kusema haki, ukurasa ule ulifanana sana na wa kweli. Huenda hata mimi ningeujaza, ila miwani sikuwa nayo.

Basi mwanangu, ukurasa ukikupigia kelele, au ujumbe ukikuletea kiungo cha kubonyeza, usibonyeze wala usijaze. Toka, uingie mwenyewe kwa njia unayoijua, uwaulize wenyewe. Neno lako la siri, na zile namba zinazoletwa kwenye simu, usimpe mtu, hata akisema katumwa na mimi. Na kama umeshajaza, usione haya: badilisha neno la siri na uwaambie wenzio. Hapo ndipo pa kufanya upesi. Mungu akulindie mlango wako na simu yako, akupe subira ya kuuliza.

Magharibi mtu kapiga hodi.

"Nani?" akauliza Nasra.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo!"

"Subiri hapo hapo," akasema Nasra, akapanda juu dirishani bila haraka.

Viazi vya karai alivyotuletea mumewe kutoka ufukweni Mama Ngina, tumevila vimepoa.